Sufuria Haifunuliwi, Husikilizwa

Siku ya kuandaa, nyumba ile ilikuwa ya Bi Nyuzi. Siku nyingine mwanawe ndiye aliyekuwa mwenye nyumba, mke wa mwanawe ndiye aliyeshika ufunguo wa kabati, na yeye mwenyewe alikuwa bibi wa kukalishwa kivulini na kuulizwa kama ameshiba. Lakini siku moja kabla ya siku ya mapumziko, tangu kunapopambazuka mpaka jua linapozama, hakuna aliyeinua hata kikombe bila amri yake. Mwanawe, fundi bomba mwenye viganja kama makoleo, aliambiwa ajaze mapipa, akajaza. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Msusi kwa sababu ya saluni yake ya pale kona, aliambiwa akung'ute magodoro kabla ya kwenda kusuka vichwa vya watu, akakung'uta. Mjukuu wa kike, ambaye ndio kwanza ameota meno ya mbele, aliambiwa akae mbali na ndoo, na hiyo ndiyo ikawa kazi yake.

Sheria ilikuwa moja. Jua likizama, kila kitu kinalala. Moto haukokwi, ufagio haushikwi, pasi haipashwi, na sindano inachomekwa kwenye kipande cha sabuni mpaka siku ya mapumziko ipite. "Hata sindano huchoka," alisema Bi Nyuzi, "ila haina mdomo wa kulalamika kama nyinyi."

Sheria hiyo aliitoa kiwandani. Maana Bi Nyuzi alikuwa mfumaji. Aliingia kiwanda cha nguo akiwa msichana mwenye kiuno cha nyigu, akatoka na mvi. Ukumbi ule ulikuwa na mitambo safu kwa safu, na kelele yake mtu hakuisikia kwa masikio, aliisikia kwa meno. Humo ndani hakuna aliyepiga kelele kumwita mwenzake, angejichosha bure. Walizungumza kwa midomo. Unafumbua na kufumba kama samaki, na mwenzako wa safu ya pili anakusoma. Walisengenyana hivyo, walichekana hivyo, na fundi wa mitambo aliyekuja kumuoa alimtongoza hivyo hivyo, wiki nenda wiki rudi, bila kutoa sauti. Siku alipomsikia anaongea kwa mara ya kwanza, nje ya geti, nusura auvunje uchumba, maana bwana mwenye kifua kile alikuwa na sauti nyembamba kama mbu.

Jina la Nyuzi alilipata humo humo. Uzi ulipokatika mtamboni, wengine walihangaika. Yeye aliunga kwa vidole viwili, akakata kimkia kwa meno, na mtambo ukaendelea kama haukutokewa na kitu. Fundo lake lilikuwa dogo, bapa, na hakuna aliyeweza kuliiga. Msimamizi alilijua kwa kulipapasa gizani.

Mara moja kwa wiki king'ora kililia jioni na mitambo yote ikazimwa. Ukimya wa saa ile! Wasichana walitoka wakiyumba kama walevi. Mama mkwe wake alimpokea mlangoni, wiki ya kwanza kabisa ya ndoa yake, akamvua viatu na kumwambia, "Mwanangu, umepigiwa kelele wiki nzima. Kuanzia sasa mpaka kesho jioni humu ndani hakitalia kitu." Na kweli hakikulia kitu. Kumbe mama mkwe alikuwa ameshafagia, ameshafua, ameshateka maji, na ameshapika chakula cha kesho.

Cha kesho alikipika kwa Mvivu. Mvivu lilikuwa sanduku la mbao, kubwa kama kiti cha mfalme, limeshindiliwa matambara na pumba mpaka pomoni, katikati likaachwa shimo la kukaa sufuria. Unachemsha maharagwe kwenye jiko la mkaa mpaka yatokote sawasawa, unaepua, unayatumbukiza ndani, unafunika, unaweka jiwe juu. Yanaendelea kuiva yenyewe kwa joto lake, usiku kucha, bila moto. Kesho mchana unafungua, mvuke unakupiga usoni, maharagwe yamelainika kama siagi. Ndiyo maana likaitwa Mvivu: linapika huku limelala.

Ila lina masharti. Ukilifungua kabla ya wakati, joto linakimbia na maharagwe yanabaki kama changarawe. Na ukiitia sufuria kabla haijatokota sawasawa, ni hivyo hivyo. Na sufuria yenyewe, ikiwa jikoni, haifunuliwi kuchunguliwa, kwa kuwa kila ukifunua unairudisha nyuma. "Sufuria haifunuliwi," mama mkwe alimfundisha, "husikilizwa." Kwanza inaimba. Halafu inaguna. Halafu inanguruma kutoka tumboni, ngurumo nzito isiyokatika, kama mitambo ukiwa mbali na kiwanda. Hapo ndipo moyo wa harage umepata moto. Hapo ndipo unaepua.

Mama mkwe alikufa, bwana mwenye sauti ya mbu akafa, kiwanda kikafungwa na king'ora kikaibwa na wauza chuma chakavu. Bi Nyuzi akabaki na Mvivu na siku yake moja ya kutawala. Na hiyo siku, alianza kuhisi, kuna mtu anaitaka.

Kwanza ulikuwa mnong'ono. Nyumba ile siku hizi ilikuwa ya kunong'ona. Aliingia sebuleni akamkuta mwanawe na mkewe vichwa vimekaribiana, midomo inacheza, sauti hamna. Wakimwona, wanainua nyuso na kutabasamu. Redio nayo walikuwa wameipunguza, ukiiongeza wanaipunguza tena. Hata muuza maji, mtu mwenye koo la punda, alikuwa ameanza kuongea kama anaungama dhambi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye aliyefuma nguo maisha yake yote angeshindwaje kulijua hilo? Aliitikia "ehe, ehe" na kuweka moyoni.

Pili ilikuwa mashine. Siku ya mapumziko, wakati mtaa umetulia na yeye amekaa kwenye kiti chake anangoja ule ukimya wake wa zamani, alisikia ngurumo. Mbali, nzito, haikatiki. Kuna mtu anasaga! Siku ya mapumziko! Alimshuku jirani yake muuza mkaa, mjane mwenzake mwenye ulimi wa wembe, kwamba amepangisha chumba cha nyuma kwa mtu wa mashine. Akatoka, akaegemeza sikio kwenye ukuta wa jirani.

"Bi Nyuzi!" muuza mkaa alimtokea kwa mbele. "Umegeuka mjusi? Unatafuta nini ukutani kwangu?"

"Nasikiliza uongo wako. Mashine umeificha wapi?"

"Mashine gani, mwenzangu? Humu ndani mashine ni mimi peke yangu, nami nimeshachakaa."

Walicheka, lakini Bi Nyuzi aliondoka akiwa bado haamini. Muuza mkaa anakana, na mashine inanguruma. Mtu anaweza kukana hata pua yake.

Tatu ilikuwa maharagwe.

Wiki ile saluni ilikuwa na bibi harusi na wasindikizaji wake, na Msusi alirudi nyumbani jua limeshazama. Kesho yake mchana Bi Nyuzi alimfungua Mvivu, akapakua, fundi bomba akatia kijiko mdomoni, na ukasikika mlio kama wa mtu anayetafuna kokoto. Fundi bomba akatema harage kiganjani, akalitazama kama kifaa kisichoingia kwenye bomba.

"Mama, haya hayajaiva."

Hayajaiva! Tangu ashike Mvivu mkononi mwake halijawahi kumwaibisha. Alimtazama mkwe wake. Msusi aliinamisha uso kwenye sahani, na Bi Nyuzi akasoma kwenye uso ule kitu kimoja tu, hatia. Mtu amelifungua sanduku akaachia joto. Na ni nani mwenye faida? Mama akishindwa kupika, mama atapumzishwa. Akipumzishwa jikoni, atapumzishwa mapipa, magodoro na sindano, mpaka siku moja atajikuta yeye ndiye anayeambiwa akae mbali na ndoo.

Alikwenda kumweleza muuza mkaa, wakiwa uso kwa uso juu ya magunia.

"Wangu alianzia kwenye chumvi," muuza mkaa alimwambia, mdomo umejaa utamu wa habari. "Nikitia chumvi, anaongeza. Nikionja, mwanangu ananiambia, mama, ulimi umezeeka. Nikajua. Mkwe ni mgeni wa kuja na mizani yake, Bi Nyuzi. Anakupima polepole."

"Wangu hatanipima. Mimi nimepimwa na wasimamizi wenye makunyanzi ya shetani."

"Basi mvizie."

Akamvizia. Siku ya kuandaa iliyofuata, kazi zote zilipokwisha, alibandika maharagwe, akakaa juu ya kigoda na kusikiliza. Haikuchukua muda, sufuria ikanguruma. Mkaa wa siku hizi una moto jamani, alijisemea, zamani ungekaa hapa mpaka matako yafe ganzi. Akaepua, akatumbukiza, akafunika, akafukia makaa kwa majivu, akaenda kuoga. Kuoga ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho siku zote, na nyumba nzima ilijua hachomoki bafuni mpaka amejisugua visigino. Lakini siku ile visigino aliviacha. Alijimwagia maji mawili matatu, akajifunga kitambaa, akatoka.

Msusi alikuwa anatoka jikoni, anajifuta mikono.

Bi Nyuzi alikwenda moja kwa moja kwenye jiko. Majivu yalikuwa yamechokorwa. Makaa yalikuwa mekundu. Kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe kulikuwa na duara la maji, duara la kitako cha sufuria. Na matambara ya Mvivu, ambayo yeye huyapanga la bluu juu, sasa la juu lilikuwa la kijani.

Kesho yake maharagwe yaliiva vizuri mno. Mwingine angetulia. Yeye alizidi kushuku. Mwizi mwerevu, alijiambia, akiona mwenye mali ameamka, hurudisha.

Akamwita mwanawe uani. "Mkeo ananifungulia Mvivu."

"Afungue ili iweje, mama?"

"Muulize yeye. Mimi nakuambia nilichokiona."

Fundi bomba alijikuna kisogo. "Mama, kama kazi imekuwa nzito, tumpumzishe Mvivu. Mimi nina mpango..." Hapo akainama kuokota spana, akaendelea kuongea akiwa amempa mgongo, na Bi Nyuzi hakuambulia hata neno. Mpango! Mtu anamwambia mama yake ana mpango, halafu mpango wenyewe anausimulia ukutani.

Na mpango ulikuwepo kweli, msidhani. Katikati ya wiki alimkuta Msusi jikoni amepiga magoti, anapima kona anayokaa Mvivu kwa uzi wa kusukia nywele. Na kwenye stoo ya mabomba, chini ya gunia, aliukuta mtungi wa gesi, mpya, na jiko lake la vichwa viwili bado limo kwenye boksi. Alilifunika tena gunia vile vile. Alipofika chumbani alikaa kitandani, mikono magotini, akahisi baridi ingawa jua lilikuwa linawaka. Kumbe tayari wameshapima. Kumbe kilichobaki ni kumwaibisha mara moja tu mbele ya watu, imalizike.

Na watu wenyewe walikuwa njiani. Mama yake Msusi alikuwa anakuja kula nao siku ya mapumziko. Bi Nyuzi aliposikia, alicheka peke yake. Vizuri. Waje wote. Safari hii atamkamata mwizi mbele ya mama yake mzazi.

Siku ya kuandaa ikafika, na haikuwahi kuandaliwa vile. Alifagia kuanzia chumba cha mwisho kuja mlangoni, kama ilivyo desturi yake, kwa kuwa ukianzia mlangoni unausindikiza uchafu ndani. Alifua mapazia, akayaanika yakiwa yamekunjuliwa ili yasihitaji pasi. Alipanguza balbu. Aliingia chini ya vitanda kwa tumbo, na mjukuu akamfuata akidhani ni mchezo. Fundi bomba alijaza mapipa mpaka yakafurika, akafokewa kwa kufurika. Msusi alifunga saluni mapema, akaja kukata mikate, kuosha ndizi na kupanga sahani, na kila mara Bi Nyuzi aliponyanyua macho aliona mdomo wa mkwe wake umefumbuka, kama anayetaka kusema kitu. Halafu anageuka kufanya kazi, akisema na mwiko.

"Ehe," Bi Nyuzi aliuitikia ule mgongo. "Ehe, mwanangu. Sawa."

Akabandika maharagwe. Akasikiliza. Ikanguruma. Akaepua.

Mvivu lina pete mbili za chuma, moja kwenye kifuniko na moja kwenye mwili, na miaka yote hazikuwa na kazi. Leo alitoa mfukoni uzi mweupe wa pamba, akaupitisha kwenye pete, akaufunga kwa fundo lake. Dogo, bapa. Akakata kimkia kwa meno yaliyobaki. Nani ataweza kulifungua na kulifunga tena kama lilivyo? Hajazaliwa. Akaenda kuoga, na leo visigino alivisugua vyote viwili, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia.

Alipotoka, jua lilikuwa limebaki ukucha. Msusi alikuwa amesimama mbele ya Mvivu, mikono kiunoni, anautazama uzi.

"Unatafuta nini hapo?"

Msusi aligeuka. Macho yake yalikuwa na maji, ya hasira au ya nini, Bi Nyuzi hakutaka kujua.

"Hili fundo ni la nini, mama?"

"La panya."

Msusi alimtazama, akautazama uzi, akamtazama tena. "Haya," akasema, waziwazi. "Umelifunga mwenyewe."

Akaenda zake. Jua likazama. Kila kitu kikalala, isipokuwa Bi Nyuzi.

Mgeni alifika kesho yake kabla ya mchana, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa vyombo, akawakumbatia wote na kumsifia Bi Nyuzi. "Mkwe wangu, sakafu yako hii mtu anaweza kujipaka wanja kwa kujitazama!" Walikaa mezani. Mikate ilikuwepo, ndizi zilikuwepo, sahani zilikuwa tupu zinangoja. Bi Nyuzi hakukaa. Alimwambia mwanawe amsogeze Mvivu mpaka katikati ya chumba, wote walione.

"Kabla hatujala," alisema, "nataka muone kitu. Mnaliona fundo hili? Kuna mtu humu ndani ana mazoea ya kunifungulia sanduku. Mwanangu analijua fundo langu tangu ananyonya. Njoo ulitazame."

"Mama, mbele ya mgeni..."

"Mgeni ndiye shahidi. Njoo."

Fundi bomba aliinama, akalipapasa kwa kidole kinene. "Ni lako," akasema. "Halijaguswa."

Halijaguswa. Bi Nyuzi aliinama mwenyewe. Kimkia kilikuwa kile kile, kimechongeka upande wa jino lililovunjika. Moyo wake, badala ya kushukuru, ulianguka kidogo, kama wa mvuvi anayeinua ndoana na kukuta chambo chake kizima. Alimwangalia mkwe wake. Msusi alikuwa amekunja mikono.

Alikata uzi kwa kisu. Akafunua. Mvuke haukumpiga usoni. Kulikuwa na uvuguvugu tu, kama pumzi ya mtoto. Akapakua, maana sasa angefanya nini tena, na harage la kwanza likaangukia sahani ya mgeni, likadunda.

Mgeni alilitia mdomoni kwa adabu. Alilitafuna. Alilitafuna tena. Kicheko chote kilimtoka usoni, akamgeukia binti yake. "Wewe! Mama mzima huyu unamwachia kazi yote peke yake, humsaidii hata kuangalia moto? Ndivyo nilivyokulea?"

"Ni mara ya pili hii," fundi bomba akasema, naye akimtazama mkewe. "Umefanya nini safari hii?"

Haya, ndiyo hiyo nafasi. Bi Nyuzi hakuhitaji hata kufumbua kinywa. Wote wameshamhukumu Msusi, yeye akinyamaza tu, gesi itabaki chini ya gunia, na siku ya kuandaa itabaki yake mpaka afe. Msusi mwenyewe hakujitetea. Alikuwa anamtazama Bi Nyuzi peke yake, kama anayemngojea mtu atoke bafuni.

Lakini fundo lilikuwa lake. Alilifunga yeye, akakesha nalo mpaka kukapambazuka. Kwa miaka yote ya kiwandani, kitambaa kilichotoka na kasoro kilikuwa na alama ya mfumaji wake pembeni, na Bi Nyuzi hajawahi kumsukumia mwenzake kasoro yake. Asingeanzia leo.

"Mwacheni," alisema. "Fundo halikuguswa. Sanduku halikufunguliwa. Hayo maharagwe niliyatia mimi." Akavuta kiti, akakaa. "Sasa wewe, niambie. Wiki zile ulikuwa unafanya nini na sufuria yangu?"

"Nairudisha motoni," Msusi akasema. "Ukienda kuoga naitoa, naichemsha, naitia tena. Mama, unaiepua haijachemka. Ina uvuguvugu tu, mtu anaweza kumwogeshea mtoto."

"Nimeisikia ikinguruma."

"Haingurumi, mama."

"Tangu lini hilo?"

"Tangu mvua zilizopita. Wiki ya bibi harusi nilichelewa, ukaona mwenyewe."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia!" Msusi alipiga meza, sahani zikaruka. "Nimekuambia mpaka nimechoka! Jana nimekuambia nikikata mikate. Nikakuambia mama, bado, iache kidogo. Ukanijibu ehe, sawa mwanangu. Ukaepua! Nifanyeje? Na usidhani nilikuwa nakufanyia wewe. Nilikuwa nalifanyia tumbo langu. Mimi nasimama wiki nzima kichwani mwa watu, siku yangu ya kupumzika sitaki kula kokoto!"

"Shika adabu," mgeni akamkemea, ila bila nguvu.

Bi Nyuzi hakukasirika. Alikuwa ameshika kitu na anakivuta taratibu, kama uzi uliopotelea ndani ya mtambo. Jana mikate ilikatwa Msusi akiwa amempa mgongo. Mpango mwanawe aliusema akiwa ameinama. Muuza mkaa alimsikia vizuri, kwa kuwa walikuwa uso kwa uso. Na wanong'onaji wote wa nyumba ile, wakiinua nyuso, sauti zao zinarudi.

"Mwanangu," akamwambia mkwe wake, polepole. "Sasa hivi, hapo nje, kuna mashine inanguruma?"

Wote walisikiliza. Hata mjukuu aliacha kutafuna ndizi.

"Hakuna, mama," Msusi akasema. Hasira ilikuwa imemtoka. "Kimya kabisa."

"Hamna kitu," fundi bomba akasema.

Nayo ilikuwa inanguruma, nzito, mbali, haikatiki. Mitambo yake. Kiwanda kilifungwa, ila safu yake hawakuizima. Alitoka nayo kichwani, na sasa imekua mpaka inamfunika sauti za watu. Ndiyo iliyochemsha sufuria. Ule ukimya aliokuwa akiungojea kwenye kiti kila siku ya mapumziko, ulikuwepo muda wote. Walikuwa nao wenzake. Ni yeye tu ambaye ulikuwa haumfikii.

Mgeni akajisogeza. "Mkwe wangu, tukoke moto haraka tuyamalizie haya. Nani atatuona?"

"Moto haukokwi," Bi Nyuzi akasema, na mgongo ukamnyooka. "Maharagwe si mgonjwa. Tutakula mikate na ndizi, jioni jua likizama tutayachemsha. Halafu nisikilizeni, na hii ni amri kama ya jana. Siku ya kuandaa bado ni yangu. Kufagia ni kwangu, kufua ni kwangu, kumpanga Mvivu ni kwangu. Ila kusikiliza sufuria nimemkabidhi huyu. Akisema bado, ni bado."

"Na gesi?" Msusi akauliza. Huyo naye hakuwa mtu wa kuiacha nafasi.

"Nimeiona. Mnaificha kama mimba ya wizi. Iwekeni kona ile nyingine, si kona ya Mvivu. Na siku ya mapumziko haiwashwi."

"Haiwashwi," Msusi akakubali.

"La mwisho. Kuanzia leo anayesema nami anitazame usoni, na midomo aichezeshe. Nimesoma midomo ya watu kabla wewe hujazaliwa. Atakayeongea na ukuta, atajibiwa na ukuta."

Fundi bomba alimeza mate, akatazama chini, halafu akakumbuka, akanyanyua uso. "Sawa, mama."

Msusi alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Akajipangusa mdomo kwa kiganja, akaufumbua kwa upana wote, kama samaki mkubwa, bila kutoa hata chembe ya sauti.

Bi Nyuzi alimtazama. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Anasemaje?" mgeni akauliza.

"Anasema ana njaa," Bi Nyuzi akajibu, akaivuta sahani ya mikate. "Na neno jingine kuhusu maharagwe yangu, ambalo wewe hukumlea kulisema."

Wakala mikate yao na ndizi zao.